Waya wa Harusi na Waya wa Chama

Opereta hakuwa na desturi ya kumsalimu mtu kabla hajautazama waya aliobeba. Siku ya kwanza nilipomwendea nyumbani kwake mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, nilikuwa nimevaa abakosti mpya, ile suti ya chama isiyo na tai, na diploma yangu ya elektroniki kutoka Ubelgiji imo ndani ya bahasha kwapani. Hakuiangalia abakosti wala bahasha. Alinitoa begani mzingo wa waya niliokuja nao, akaukunja kidogo karibu na sikio, akaunusa, kisha akachuna ncha yake kwa meno ili auone ule wavu wa shaba ulio chini ya ngozi.

"Hii njo waya," akasema, maana yake huu ndio waya hasa. Ndipo akaniuliza habari za safari.

Tulimwita Opereta kwa sababu zamani alikuwa akionyesha filamu kwenye ukumbi wa misheni. Chama cha Rais, kilichokuwa kimoja tu nchini, kilipojiletea kamera yake ya video na televisheni za kuweka mbele ya wakubwa siku za sherehe, hakukuwa na mtu mwingine Kindu aliyewahi kuigusa mashine ya picha, basi akapewa yeye. Jina lake mwenyewe lilitumika msikitini tu. Hata mke wake alimwita Opereta, na akikasirika alimwita Sitwayeni Opereta, yaani Raia Opereta, kama ofisini kwa chama.

Mimi nilirudi baadaye. Nilisoma kwa jasho langu, nikiosha sahani jioni katika mikahawa ya Brussels na kukaa darasani asubuhi, na sikubebwa na mjomba wala na padri. Wakati ule, ukitoka Kibombo hadi Lubutu, hukuti mwingine mwenye karatasi kama yangu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Watu wenyewe walisema. Chama kikaniweka kuwa mshauri wa mitambo, maana yake nikawa mkubwa wa Opereta kwenye karatasi. Kwenye kazi tulikuwa wawili wenye kiburi, na tulipatana kwa sababu hiyo.

Kabla sijafika mbali niseme alichokuwa akikiogopa, kwa kuwa bila hicho mtu huyu haeleweki. Opereta alikuwa na binti, Feza, mtoto wa mwisho na wa pekee aliyebaki nyumbani. Feza alicheza katika kundi la animasyo, zile ngoma na nyimbo za kumsifu Rais ambazo wanafunzi na makarani wote walilazimika kuzicheza. Mgeni mkubwa akija kutoka Kinshasa aliketi jukwaani kivulini, mbali na wachezaji waliokuwa juani. Televisheni zilipangwa mbele yake, na kamera ikamsogezea nyuso za wasichana kana kwamba wamekaa naye mezani. Akipendezwa na mmoja, alinyoosha kidole kwenye kioo. Siku chache baadaye msichana yule alipandishwa ndege kwenda kucheza katika kundi la taifa, na wazazi wakapewa pongezi. Hapakuwa na namna ya kukataa pongezi. Wasichana wengine waliandika barua moja, wengine hawakuandika kabisa. Mmoja wa mtaa wa Basoko alirudi na mtoto mgongoni, na mpaka leo hajasema baba wa mtoto ni nani.

Feza asingeweza kujificha. Asiyecheza alifukuzwa shule, na baba yake angeulizwa. Opereta alimwomba acheze vibaya. Msichana alijaribu, miguu ikamkatalia. Alizaliwa na mwili unaosikia ngoma kabla ya masikio, na mwalimu wa kundi akamweka mstari wa mbele.

Sasa nirudi kwenye nyaya.

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba ambamo kamera na televisheni zililala, kwa kuwa ofisi ya chama ilivuja. Nyaya zilining'inia ukutani kwenye misumari, zimegawanyika sehemu mbili. Upande wa dirisha ulikuwa waya wa harusi. Upande wa mlango ulikuwa waya wa chama. Ndivyo alivyoziita, na mgeni aliyesikia alidhani ni suala la mali ya nani.

Waya wa harusi ulikuwa ule mzuri: uzi mmoja wa shaba katikati, wavu mzito kuuzunguka, ngozi laini isiyopasuka. Aliulinda kama mtu anavyolinda nguo ya Idi. Hakuuviringisha kwenye kiwiko kama wanavyofanya wasiojua, kwa sababu ukiuviringisha hivyo unajisokota ndani na uzi wa katikati unakatika bila kuonekana. Aliulaza chini kwa mtindo wa nane, kama vile watu wa bandarini wanavyozilaza kamba za mashua, na huko ndiko alikojifunzia. Kwenye ncha alilehemu fishi mwenyewe, zile plagi za kuzungusha na kufunga, hakumwachia mtu mwingine risasi wala pasi ya kulehemia. Mtu akiukanyaga waya huo harusini, alimwambia polepole, "Mama, unakanyaga macho ya watu."

Maana katika harusi za Kindu, enzi zile, waliokosa nafasi uani walikaa barabarani, na Opereta aliwatolea televisheni nje. Wakaona kila kitu wakati uleule kinapotendeka. Bibi harusi alipotokwa na chozi ndani, wanawake wa barabarani walijipangusa. Aliweka kamera karibu, waya mfupi, hakuna viungo katikati. "Kila kiungo kinakula," alikuwa akisema. "Picha ikipita milango mitatu, inafika na njaa." Akipewa achague kati ya waya mrefu mmoja na vipande viwili vizuri vilivyounganishwa, alisogeza meza ya televisheni karibu na kamera.

Waya wa chama ulikuwa kila takataka: waya wa simu wa reli, waya mwembamba wa redio uliopigwa jua mpaka ukawa kama ganda la muhogo, vipande vya antena vilivyofungwa kwa mkanda mweusi. Siku ya sherehe ya chama aliutandaza huo, tena akaupitisha sambamba na waya wa jenereta ili milia myeusi ipande kwenye kioo bila kukoma. Wakubwa waliona ukungu unaocheza. Nyuso hazikuwa na pua.

Siku nilipogundua, nilikasirika. Mimi mwenye diploma, jina langu liko kwenye mitambo ile. Nikamwambia waya wa simu haukuumbwa kubeba picha, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Akaendelea kulehemu, akiimba chinichini wimbo wa kumsifu Rais. Nyimbo zile alizichukia zote na alizijua zote, na mkono wake haukutulia bila wimbo.

"Enjenyere," akasema alipomaliza, "kamera iko na mukubwa wake. Ile muntu wa chama anasimama pembeni yangu, anasema onyesha sura, naonyesha sura. Siwezi kukataa. Lakini waya, nani anaangalia waya?"

Kisha akaniambia habari ya Feza. Aliisema kwa kifupi, bila kuniangalia, mikono ikitafuta kitu cha kufanya.

Tangu hapo nilikuwa upande wake, na niseme wazi kwamba kazi yake ilikuwa na kasoro ambayo mimi ndiye niliyeiondoa. Takataka zake zilionekana. Mtu yeyote angeinama, akaona mkanda mweusi na kuuliza. Nikamfundisha kuharibu picha kwa waya mzuri. Televisheni za chama zilikuwa na matundu mawili nyuma: picha inaingia kwa moja, inatoka kwa la pili kwenda televisheni inayofuata. Kwenye tundu la mwisho, ambalo halipeleki popote, hufungwa kizibo kidogo cha kuumaliza mwendo wa picha. Ukikiondoa kizibo, picha inajirudia yenyewe, mwanga unazidi, kila uso unang'aa mtupu kama sahani iliyooshwa. Ukifunga viwili, kila kitu kinazama gizani. Hakuna mkanda, hakuna waya mbovu, hakuna mtu wa kulaumiwa. Opereta alikishika kile kizibo, kidogo kuliko kidole chake cha mwisho, akakigeuzageuza.

"Hiki tu?"

Nikamwambia hiki tu, na kwamba huko Ulaya watu hukaa darasani miaka kwa ajili ya hiki tu. Akacheka hadi mke wake akaja mlangoni kutazama.

Alikuwa na vituko vyake. Alitaka watu wavue viatu kwenye chumba cha nyaya, lakini kuku waliingia humo wanavyotaka. Aliwaambia wote kwamba televisheni inaua akili ya mtoto, kisha akamfanya Feza ajue kila fishi kwa jina. Alikula sombe, yaani kisamvu, bila pilipili, akidai pilipili inatetemesha mkono wa kulehemu, na alivuta sigara moja baada ya nyingine. Hakuamini dawa za zahanati wala za majani, aliamini usingizi. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya kufagia mji bure, hakuikosa hata mara moja, na alifagia mbele ya nyumba yake tu. Katibu wa vijana wa chama alipomuuliza mbona mbele ya jirani kuna majani, alijibu kwamba yeye ni mtu wa picha, haoni mbali.

Katibu yule ndiye aliyetutia hofu zaidi. Alikuwa kijana wa Kalima, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukumbuka. Kwenye harusi moja alisimama mbele ya televisheni ya barabarani na sahani ya wali mkononi, akatazama muda mrefu.

"Papa Opereta," akasema, "hapa naona mpaka wanja wa bibi harusi. Jumamosi kwenye kiwanja sikuona hata pua. Njo kamera ileile?"

Opereta akamwekea kipande cha samaki kwenye sahani.

"Hapa bibi harusi ni mumoja, mwanangu. Kule wachezaji ni wengi. Waya inachoka."

Watu wakacheka, na katibu akacheka kuliko wote. Lakini baada ya wiki chache ulikuja kutoka Kinshasa mzingo mzima wa waya mpya, mweusi, unaonukia kiwanda, pamoja na fishi zake, na amri kwamba takataka zote zitupwe. Ilikuwa miaka ile Maniema ilipofanywa jimbo na Kindu makao yake makuu, na wageni walianza kuja mfululizo. Aliyetazamiwa safari hiyo alikuwa mkubwa sana, mmoja wa wale ambao magari yao yanaletwa kwa ndege nyingine.

Opereta aliupokea ule mzingo kama mtu aliyeletewa maiti ya kuosha. Lakini mikono ina tabia zake. Alipouchuna na kuona wavu wa shaba ulivyoshonana, alishindwa kujizuia, akautandaza sebuleni, akaulaza kwa mtindo wa nane, akaupangusa kwa kitambaa. "Waya mzuri hivi," akasema, "wanaenda kuufanyia mambo gani."

Tulikubaliana. Waya mpya, fishi mpya, kila kiungo kimefungwa barabara, na kizibo cha mwisho hakipo. Siku ya sherehe asubuhi, katibu alipita akifuata waya kutoka kwenye kamera mpaka jukwaani, akiutikisa kila penye kiungo. Hakuona kosa kwa kuwa halikuwepo. Kizibo kilikuwa mfukoni mwa abakosti yangu.

Niliwahi kuona picha mbaya nyingi. Ile ilikuwa mbaya kwa namna ya juu kabisa. Uwanja mzima uling'aa. Vitenge vyenye sura ya Rais viligeuka karatasi nyeupe, na mahali pa nyuso palikuwa na mwanga tu unaoruka kufuata ngoma. Mgeni alitazama televisheni ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akamwinamia gavana. Gavana akamwita katibu, na katibu akaniita mimi.

Hapo niliifanyisha diploma yangu kazi. Nilieleza kwa Kifaransa, nikiwa nimesimama wima, juu ya jua la ikweta, joto la mirija, unyevu wa mto Lualaba, tofauti ya umeme wa jenereta na umeme wa turbini. Nilitaja majina ya maprofesa. Nilisema kurekebisha kutahitaji vipuri na muda. Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akijipangusa shingo kwa leso. Hakukasirika hata kidogo. Akaniambia, "Asante, mwanangu. Basi nitashuka mwenyewe."

Akashuka. Uwanja wote ukapiga makofi kwa kuwa mkubwa ameshuka kwa watu. Ngoma zikapanda. Akaanza kutembea kwenye mistari, polepole, mikono nyuma, na mtu wa chama akamwambia Opereta amfuate kwa kamera.

Nilikimbia mpaka alipokuwa. Sijui nilitaka kufanya nini. Kwenye televisheni za jukwaani palionekana doa jeupe linalopita kati ya madoa meupe, na ungeapa kwamba hakuna anayeweza kumtambua mtu. Lakini kamera ina kitundu chake cha kuchungulia, na picha ya kitunduni haipiti kwenye waya wowote. Opereta alikuwa amebandika jicho hapo. Yeye peke yake, katika uwanja ule, alikuwa akiona picha safi.

"Amefika kwake," akasema.

Niliinua kichwa. Mgeni alikuwa amesimama mstari wa mbele. Feza aliendelea kucheza, kwa kuwa ngoma haikuwa imekoma na hakuna aliyemwambia asimame.

"Ongea kitu, Enjenyere," akasema Opereta, jicho likiwa palepale. "Uko na maneno."

Mtu wa chama akamgusa bega, asogeze picha karibu. Akasogeza.

Watu wengine baadaye walisema ingekuwa heri picha ingekuwa nzuri, mgeni angebaki kwenye kiti. Ni maneno ya bure. Kwa picha nzuri angechagua akiwa amekaa, kwa picha mbaya alichagua akiwa amesimama. Sisi tulikuwa na waya tu.

Pongezi zililetwa nyumbani na katibu, pamoja na gunia la mchele na kitenge. Mke wa Opereta alifunga sanduku. Nilikuwepo. Feza alijaribu kuwafariji wazazi wake, kama wafanyavyo watoto wa umri ule wasiojua waogope kiasi gani.

"Papa, nitakuwa kwenye televizyo," akasema. "Mutaniona kila jioni, kabla ya habari."

Opereta alikuwa akirekebisha mkanda wa sanduku. Alisema ndiyo, wataona. Uwanja wa ndege hakwenda. Alisema ana kazi ya kulehemu.

Kisha nikapelekwa Kalima kutengeneza redio za kampuni ya madini, kazi ambayo ilihitaji mtu wa kiwango changu, nikakaa huko misimu kadhaa. Huko nilisikia kwamba kituo cha kupokea picha za Kinshasa kimefunguliwa Kindu, kwamba chama kilimpa Opereta televisheni moja iliyopasuka pembe, na kwamba barua ya Feza ilikuja moja. Sikuuliza ilisema nini.

Niliporudi kwa likizo, ujumbe ulinikuta hata sijafungua mizigo: Opereta ananihitaji kwa televisheni yake, nije na kipimo changu cha umeme.

Nilifika jua likiwa linatua. Antena niliiona tangu mtaa wa pili, imepanda juu ya mianzi miwili iliyounganishwa, juu kuliko minazi ya jirani. Chumba cha nyaya kilikuwa kitupu. Kila kitu kizuri kilikuwa sebuleni: waya mpya wa chama, ule wa Kinshasa, ametafuta kipande chake bora, amekikata kwa urefu kamili bila kiungo hata kimoja, fishi zimelehemiwa zinang'aa. Yeye alikuwa amekonda, na jicho lake moja lilikuwa na ukungu.

"Angalia, Enjenyere," akasema. "Angalia yote. Kosa liko wapi?"

Mke wake alileta chai. Majirani walikuwa wamekwisha kaa kwenye mkeka, kama kila jioni. Nikapima. Nilianza kwenye antena, nikashuka kwenye waya, nikafika kwenye tundu la televisheni. Nilipima uzi, nikapima wavu, nikafungua fishi na kuzifunga. Nimesoma na watu wa Ulaya, nimeona maabara zao, na nakwambia sikupata kuona waya uliofungwa vizuri kama ule.

Animasyo ya kundi la taifa ikaanza. Kwenye kioo palikuwa na theluji ya kijivu, na ndani ya theluji vivuli vinavyoruka safu kwa safu, vinapotea, vinarudi. Ngoma ilisikika vizuri.

"Ule wa pili kutoka kushoto," akasema mke wake.

"Hapana," akasema Opereta. "Ule wa nyuma. Angalia mabega."

Jirani mmoja akasema yeye anadhani jana alikuwa kulia. Hakuna aliyebishana.

Nilimweleza. Nilisema shida haiko nyumbani kwake. Sahani ya kunasa mawimbi kule kituoni imepigwa na upepo, haielekei tena mahali pake, na umeme wao ni dhaifu. Picha inafika Kindu ikiwa imekwisha kufa, na waya hauwezi kubeba kisichokuwepo. Njiani kuja kwake nilikuwa nimepita kwa wale wa kituo, nikawaonyesha diploma, na wao pia walijua. Wanangoja fundi kutoka Kinshasa.

Alinisikiliza akitazama kioo.

"Sawa," akasema. "Basi nichague waya gani?"

Mke wake aliniangalia. Nikaweka kikombe chini, nikatoka uani, nikashika ule mwanzi kwa mikono miwili na kuugeuza kidogo kuelekea mtoni. Kutoka ndani sauti yake ikaja, ya kazi, ileile ya uwanjani: "Bado." Nikageuza tena. "Bado." Niligeuza upande wa reli, nikageuza upande wa Alunguli, nikausikia mwanzi ukilia juu kichwani mwangu. "Bado, Enjenyere. Bado." Ngoma ndani ikakoma, sauti ya mtu ikaanza kusoma habari, na mimi nikageuza tena.